UZI: Kuunda kinoo cha mkono kisichokata vidole. Vipimo, kinga, mpini (mafundi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi karibuni)

Fundi_Kibuye:
Salaam wanajamvi.

Vile vinoo vidogo vya plastiki vyenye V ya chuma vinavyouzwa kila soko vina kasoro ambayo haiondoki hata ukibadilisha chuma chake. Aliyevichora alianza na V, kisha akabandika mpini mahali palipobaki. Vidole vya mkono ulioshika kinoo vinakaa sentimita mbili au tatu tu kutoka njia ya kisu, na katikati hakuna ukuta wa maana. Anayenoa kisu cha mkate mara moja kwa mwezi pengine hataona shida. Lakini mama wa samaki pale ufuo wa Dunga, Kisumu, au kijana wa bucha anayenoa mara kadhaa kwa siku na mikono imejaa mafuta, hicho si kifaa cha kumpa.

Napendekeza tuchore kuanzia upande wa pili. Kabla ya kuuliza V iwe ya nyuzi ngapi, tuulize: kisu kikiponyoka, makali yanaelekea wapi, na kuna nini mahali hapo? Kisu huponyoka kwa njia tatu:

1. Kinapanda na kuruka nje ya V katikati ya mvuto, hasa kikiwa na pengo kwenye makali au mvutaji akikilaza upande.
2. Ncha inatoka kwenye V ghafla mwisho wa mvuto. Mkono uliokuwa unavuta kwa nguvu unakosa kizuizi, unakuja mwilini na kisu ndani yake.
3. Kinoo chenyewe kinateleza au kinapinduka, na mkono ulioshika unaangukia makali.

Kila moja ina dawa yake kwenye umbo. Ya kwanza inataka bamba la kinga kati ya V na vidole, pamoja na mfereji wa kuongoza kisu. Ya pili ni suala la mahali anaposimama mvutaji na nguvu anayohitaji kutumia. Ya tatu ni kitako.

Umbo ninalolipendekeza ni kitako bapa cha mm 160 kwa 80, mpini ukiwa juu yake kama mpini wa pasi, na V upande wa kulia ndani ya eneo la kitako. V isining'inie nje ya kitako. Ukikandamiza kisu nje ya kitako, kifaa chote kinainuka upande wa pili.

Vipimo vya kuanzia:
- Mpini: urefu mm 120, unene mm 32 hadi 38.
- Nafasi chini ya mpini hadi kitako: mm 45, vidole visibanwe.
- Bamba la kinga: upana mm 100, kimo mm 110 kutoka chini, chuma cha mm 2.
- Kutoka bamba hadi katikati ya V: mm 25.
- Chini kabisa ya V: mm 20 juu ya meza.

Karibuni muikosoe.

---

AfyaKazini:
Fundi, vipimo vya mpini viko sawa, lakini acha nieleze sababu ili mtu asivipunguze kwa kuokoa mbao.

Kiganja cha mtu mzima, ukipima kwenye vifundo vya vidole vinne, huwa kati ya mm 70 na 100 hivi. Mpini wa mm 90 unamwacha mwenye kiganja kikubwa na ncha ya mpini inayochimba katikati ya kiganja, pale penye neva na mishipa. Ndiyo maana miongozo ya zana za mikono husema urefu usipungue mm 100, na mm 125 ni bora zaidi. Unene wa kushika kwa ngumi nzima huwekwa kati ya mm 30 na 50. Chini ya hapo vidole vinajikunja kupita kiasi na misuli inachoka haraka, na ukizidi sana mkono mdogo haufungi. Hiyo mm 35 itawafaa wanawake na wanaume.

La kuongeza: msiuchonge mviringo kamili. Ufanyeni yai, mm 32 kwa 38. Mpini wa mviringo unajizungusha mkononi ukiwa na utelezi, tena hauuambii mkono kifaa kimeelekea wapi. Na msichonge mabonde ya vidole. Yanamfaa mtu mmoja tu, yule ambaye vidole vyake vililingana na vya mchoraji. Kwa wengine wote matuta yanaingia chini ya vifundo.

Urefu wa meza nao ni sehemu ya muundo. Kwa kukandamiza kidogo kama hivi, meza iwe sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko. Ikiwa juu zaidi, kifundo cha mkono kinapinda, na mkono uliopinda hauna nguvu ya kuzuia kitu kisiteleze.

---

Mkereza_Nakuru:
Nizungumzie V, kwa sababu ndipo wengi wanapoharibu.

Usinunue V mpya. Karakana zenye mashine za kukereza hutupa tipu za kabaidi (vipande vidogo vigumu sana vya kukatia chuma) zilizochoka kona. Kona imekwisha lakini pande bado ni nzima, na sisi tunahitaji pande. Tafuta tipu ya mraba iliyoandikwa SNMA 1204: upande mm 12.7, unene mm 4.76, tundu mm 5.16, kwa hiyo bolti ya M5 (kipenyo mm 5) inapita. Angalia herufi ya nne. A ina maana uso wake ni bapa. G, kama SNMG, ina mifereji ya kuvunjia vinyweleo vya chuma, na ukingo wake unauma kisu kupita kiasi na kuacha makali yenye mikwaruzo.

Kona za mraba zikitumika zenyewe zingetoa V ya nyuzi 90, isiyofaa kitu. Unazipishanisha kama X: tipu moja uso wa mbele wa bamba la chuma la mm 3, ya pili uso wa nyuma, kila moja imeinamishwa nyuzi 20 kutoka wima. Hesabu yake hii hapa, kwa V ya nyuzi 40 (nyuzi 20 kila upande wa kisu):

- Umbali kati ya matundu mawili ya bolti: mm 14.2.
- Pande zitapishana mm 1 chini ya mstari unaounganisha matundu hayo.
- Chini ya mpishano kunabaki mm 3 ya kila upande, na juu yake karibu mm 9.7 ya kufanyia kazi.
- Kata pengo la V kwenye bamba lenyewe, nyuzi 60, lishuke mm 2 chini ya mpishano, ili kisu kiguse kabaidi peke yake na kisiguse bamba.

Bolti moja haitoshi kuzuia tipu isizunguke. Kisu kikikandamizwa kinasukuma pande zote mbili zifunguke. Toboa pini mbili za mm 3 nyuma ya kila tipu, upande wa nje, tipu ikae imeziegemea. Bila pini, V yako ya nyuzi 40 itakuwa ya 50 bila wewe kujua.

Kupima bila kifaa cha nyuzi: kata karatasi ngumu pembetatu yenye kimo mm 20 na kitako mm 14.6. Ncha yake ni nyuzi 40. Itumbukize kwenye V na utazame dhidi ya mwanga.

---

Bucha_Section58:
Mkereza, swali. Nyuzi 20 kila upande kwa kisu cha bucha ni sawa? Na kisu chembamba cha kuchunia je?

---

Mkereza_Nakuru:
Nyuzi 20 ndiyo ya kazi ya kawaida. Visu vingi vya jikoni na vya bucha vina chuma cha ugumu wa 52 hadi 58 kwa kipimo cha Rockwell. Ukivinoa kwa nyuzi 15 kila upande vinakata vizuri mno siku ya kwanza, kisha ukingo unajikunja ukigusa mfupa. Kisu chembamba cha minofu kisichogusa mfupa kinaweza kwenda nyuzi 15 hadi 17. Kisu cha kupasulia mifupa kinataka 25. Usijaribu kutosheleza vyote kwa V moja. Chagua kazi, kisha uandike nyuzi juu ya kifaa kwa kugonga herufi za chuma, kwani rangi itafutika.

Jambo jingine. Tipu za kiwandani huzungushwa ukingo kidogo sana makusudi ili zisivunjike kwenye mashine. Kwetu ukingo huo unateleza juu ya kisu, na mtu anaongeza nguvu. Nguvu ikizidi, kisu kinaruka. Lainisha uso bapa wa tipu kwenye bamba la almasi hadi ukingo uwe mkali. Fanya kwa maji, kamwe usifanye pakavu kwenye grainda. Vumbi la kabaidi lina kobalti na huharibu mapafu, na jiwe la kawaida la grainda halikati kabaidi hata hivyo.

---

MamaNgege:
Mafundi, mnachora vizuri lakini mnachora meza kavu. Njooni ufuoni saa nne asubuhi. Ubao umelowa, kuna magamba, kuna ule utelezi wa samaki ngege. Raba mtakayobandika chini itateleza kama kawaida.

Pia wengi wetu hatusimami. Tunakaa kwenye kigoda na beseni mbele. Meza ya chini ya kiwiko haipo.

---

Fundi_Kibuye:
Mama, hapo umegusa penyewe. Raba laini bapa juu ya maji inaelea. Inahitaji mahali pa kutorokea maji. Chukua raba ya tairi la baiskeli lenye meno, si chubu, ukate vipande vinne vya mm 20 kwa 40 ubandike pembeni mwa kitako, nafasi ikibaki katikati. Maji yanatoka kwenye mifereji ya meno, na uzito wote unakaa kwenye eneo dogo. Vikwangue kwa brashi kila jioni, maana magamba yakijaa katikati ya meno mnarudi palepale.

Bado siiamini raba peke yake. Ongeza mdomo wa chuma unaoshuka mm 15 chini ya ukingo wa mbali wa kitako, ule ulioko mbali na mvutaji. Ubao wa kukatia samaki ukiwa mwembamba, mdomo unanasa ukingo wa mbali wa ubao, na ukivuta kisu kuelekea kwako kinoo hakiwezi kukufuata. Ubao mpana zaidi ya urefu wa mkono, pigilia kipande cha mbao ndani yake kiwe kizuizi. Mdomo uwe wa kufunguka kwa bolti mbili, ili wenye meza bapa wautoe.

Kwa anayekaa: kinoo kisiwekwe mapajani kabisa, hata kwa ubao. Kisu kinavutwa kuelekea mguu wenye mshipa mkubwa. Kiweke juu ya kreti upande wa kulia wa mwili, si mbele ya magoti. Mvuto upite kando ya nyonga.

---

AfyaKazini:
Naunga mkono hilo la kando ya nyonga, na linahusu wanaosimama pia. Mtu asimame hivi kwamba mstari wa V ukiendelezwa unapita nje ya mwili wake. Msichore tu na kuacha. Gonga mshale juu ya kifaa unaoonyesha upande wa kuvuta.

Kuhusu kupinduka, fanyeni hesabu kabla ya kupunguza upana wa kitako. Chukulia mvuto wa kilo 2 kwenye kimo cha mm 25: ukizidisha, hiyo ni 50 ya kupindua. Mkono unakandamiza kilo 1.5, na nusu ya upana wa kitako cha mm 60 ni mm 30: hiyo ni 45 ya kuzuia. Kinapinduka. Kitako cha mm 80 kinakupa nusu ya mm 40: hiyo ni 60, kinatulia. Ndiyo maana V iwe chini kadiri inavyowezekana. Kila milimita unayoipandisha V inadai upana zaidi.

---

Nyundo_Kakamega:
Nina shaka na lile bamba la kimo cha mm 110. Litamzuia mtu kuona kisu kinapoingia, naye atainama au atainua kinoo. Mimi ningelishusha hadi mm 70. Kisu kikiruka hakipandi sana.

---

Fundi_Kibuye:
Nyundo, mdomo wa mfereji uko mm 35 juu ya meza. Mpini unaanza mm 45 na kuishia karibu mm 80, na juu yake kuna vifundo vya vidole na kidole gumba. Bamba la mm 70 linafunika nusu ya ngumi. Kidole gumba, ambacho watu hukilaza juu ya mpini, kinabaki wazi.

Hoja yako ya kuona ni ya kweli, na dawa yake ni kulinda kimo na kubadilisha kitu kingine: inamisha bamba nyuzi 10 kuelekea mpini, kisha tanua mdomo wa mfereji kwa nyuzi 45 hadi upana wa mm 6 au 8 ili kisu kiingie hata usipochungulia. Kunja ukingo wa juu wa bamba. Ukingo wa chuma cha mm 2 ulioachwa bila kukunjwa ni kisu cha pili.

Njia ya kumaliza ubishi huu ni jaribio. Chukua rula ya chuma ya sm 30, paka masizi yaliyochanganywa na mafuta kwenye ukingo wake. Vaa glavu nyeupe ya pamba mkono wa kushika. Sasa rula ndiyo kisu: ivute kwenye V na uifanye iruke makusudi, kwa kuilaza kushoto, kulia, kuinua mpini wa rula, kuivuta mwanzoni, katikati na mwishoni. Fanya kwa mikono mikubwa na midogo, mikavu na yenye sabuni. Alama yoyote ya masizi kwenye glavu ni mahali ambapo kisu kingekata. Rekebisha bamba hadi glavu ibaki nyeupe. Ukishusha hadi mm 70 na glavu ikabaki nyeupe kwa watu wa mikono yote, basi shusha.

---

Nyundo_Kakamega:
Nimekubali njia ya rula. Ila ijaribuni pia kwa mtu anayetumia mkono wa kushoto, kwa sababu anageuza kifaa chote na ule mdomo wa ubao unakuwa upande usiofaa.

---

Fundi_Kibuye:
Ni kweli. Matundu ya bolti za mdomo yatobolewe pande zote mbili za kitako, na mfereji uwe sawa mbele na nyuma. Hakuna gharama ya maana hapo.

---

Mkereza_Nakuru:
Mfereji haujaelezwa vya kutosha, na ndio unaoamua kama nyuzi 20 zitabaki 20.

V ni sahihi tu kisu kikisimama wima. Kikiinama nyuzi 5, upande mmoja unanolewa kwa 15 na mwingine kwa 25. Kisu kama hicho kinakata kikielekea upande. Mwenye bucha ataona vipande vya nyama vinapinda na atadhani ni chuma kibovu.

Kiasi cha kuinama kinatoka kwenye tofauti ya upana wa mfereji na unene wa kisu, ukigawanya kwa kina. Mfereji wa mm 3, kisu cha mm 2, kina mm 15: kisu kinaweza kuinama nyuzi 3.8. Kina cha mm 20 kinakupa nyuzi 2.9. Mtu akitanua mfereji hadi mm 5 "ili visu vyote viingie", kwa kina cha mm 15 kisu hicho hicho kinainama nyuzi 11, na mfereji hauna kazi tena.

Tengeneza vipande viwili vya plastiki ngumu, kimoja mbele ya bamba la tipu na kimoja nyuma. Ubao mweupe wa jikoni uliochakaa ndio nyenzo bora: haukwaruzi kisu, haunywi maji, unakatika kwa msumeno wa chuma. Chini ya mfereji pawe sawa na pale tipu zinapopishana, au chini yake kidogo.

Hapa kuna mvutano ambao hauna jibu kamili. Kipande cha mbele kikiwa kinene, kinaongoza vizuri lakini kinazuia sehemu ya makali iliyo karibu na mpini wa kisu isifike kwenye V. Sehemu hiyo hainolewi, inabaki imetokeza, na baada ya miezi kadhaa kisu kina bonde mbele yake. Kikiwekwa kwenye ubao hakigusi katikati. Mimi nachagua mm 6 mbele na mm 12 nyuma.

---

Bucha_Section58:
Mpini wa nini? Mbao zinanyonya damu na kuanza kunuka, na afisa wa afya akija hapendi.

---

Fundi_Kibuye:
Bomba la chuma la mm 22, juu yake raba ya hendeli ya pikipiki. Ipo kila duka la vipuri vya boda, tundu la ile ya kushoto ni mm 22, unene wa nje huwa karibu mm 30 hadi 33, urefu karibu mm 120. Raba yenyewe ina mkunjo mpana upande mmoja. Uelekeze upande wa V uwe kizuizi cha kwanza kabla ya bamba. Chagua yenye nakshi ndogo, si yenye mapezi makubwa yanayoshika magamba. Ipake sabuni ndani kuivalisha, ikauke usiku mzima kabla ya kutumia, la sivyo itazunguka. Umbo la yai la AfyaKazini utalipata kwa kubonyeza bomba kidogo kwenye vaisi kabla ya kuvalisha.

Ziba ncha za bomba. Maji ya samaki yakiingia ndani hayatoki, na chuma kinaoza kutoka ndani.

---

AfyaKazini:
Jambo la chakula lenyewe. Kabaidi hainoi kwa kusugua. Inakwangua, na inatoa vinyweleo vya chuma. Hivyo vinabaki kwenye makali na vitaingia kwenye nyama au sukuma wiki. Gundisha sumaku ya spika iliyokufa chini ya V, iliyofunikwa kwa plastiki, uifute kila siku. Na baada ya kunoa, kisu kioshwe na kufutwa kwa kitambaa kilicholowa, kutoka mgongo kuelekea makali, kabla ya kugusa chakula. Hatua hii isirukwe hata foleni ikiwa ndefu.

Glavu ya kuzuia kukatwa ni nzuri kwenye mkono unaoshika, ila isichukuliwe kuwa badala ya bamba. Kwenye glavu zenye alama ya EN 388 (kiwango cha Ulaya cha glavu za kinga), herufi ya ukinzani wa kukatwa huanzia A hadi F, F ikiwa ya juu kabisa. Hata hiyo haizuii ncha inayochoma.

Kwa wanaotaka kuuza: Sheria ya Kenya ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamgusa pia anayechora na kutengeneza vifaa vya kazini, si mwajiri peke yake. Kisu kikimkata mfanyakazi kwa sababu ya kinga uliyoiondoa kuokoa chuma, swali litakufikia.

---

Miwa_Muhoroni:
Nimesoma yote. Hiki kinoo kitanoa panga la kukatia miwa? Watu huku wananoa kwa tupa isiyo na mpini.

---

Mkereza_Nakuru:
Hapana, na usikilazimishe. Panga lina unene wa mm 2 hadi 3, ni refu, na linataka nyuzi 25 hadi 30 kila upande. Ukilivuta kwenye kinoo cha mezani, ncha inazunguka mbali na mwili ukiwa huna uwezo wa kuiongoza. Kwa panga, chombo ndicho kitembee, panga litulie. Tupa bado ndiyo sahihi. Kosa ni kuitumia bila mpini na bila kinga.

Mpini kwanza: ule mkia mwembamba wa tupa ukiachwa wazi unaingia kwenye kiganja mara tupa inapokwama. Mpini wa mbao wa mm 110 hadi 120, toboa hatua mbili, tundu jembamba ndani na pana mdomoni, kisha ugonge mpini kwa chini mezani hadi tupa izame. Funga pete ya bomba mdomoni mbao isipasuke. Kinga ni duara la tairi la kipenyo cha mm 90, lenye pasuo katikati, unalivalisha mkia kabla ya mpini. Vifundo vinakaa nyuma yake.

Panga libanwe kwenye vaisi au likazwe kwenye gogo kwa kabari mbili, makali yakielekea mbali na wewe. Tupa inakata inaposukumwa, basi sukuma kutoka upande wa mpini wa panga kuelekea ncha, na iinue ukirudi. Kuiburuta ikirudi kunaua meno yake.

---

MamaNgege:
Swali langu la mwisho kwa mafundi. Nguvu kiasi gani, na mivuto mingapi? Vijana wanakandamiza kama wanakata mti.

---

Mkereza_Nakuru:
Weka kinoo juu ya mizani ya jikoni, iweke kwenye sifuri, kisha mkono mmoja tu ukandamize kisu kwenye V bila kuvuta. Kilo moja, isizidi moja na nusu. Fanya hivyo mara kadhaa hadi mkono uifahamu. Kisu butu kabisa: mivuto mitano hadi minane kwa nguvu hiyo, kisha mitatu kwa uzito wa kisu peke yake. Daima uvute upande mmoja kutoka mpini hadi ncha, usirudishe kisu ndani ya V. Punguza mwendo sm 3 kabla ya ncha, usingoje ncha iruke.

Kisu kinachokata bado lakini kimepungua hakihitaji kabaidi. Geuza kikombe cha udongo, kile kiduara kisichong'aa kitakoni, upitishe makali mara tatu nne kila upande kwa wepesi. Kabaidi ikitumiwa kila saa inakula kisu kabla ya mwaka kwisha.

Ukiona kisu kinatikisika au kinaacha mistari, usiongeze nguvu. Upande wa tipu umepata pengo. Legeza bolti ya M5, geuza tipu upande mwingine, hakikisha imeegemea pini zote mbili, kaza, kisha rudisha ile pembetatu ya karatasi uone kama bado ni nyuzi 40.